Chili ya Cincinnati: mchuzi wa mdalasini juu ya tambi, na mikahawa inayoupika vizuri

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayefika Marekani huambiwa mapema kwamba chakula cha huko ni hambaga, piza na kuku wa kukaanga, na akiishi kwa vyakula hivyo vya kampuni kubwa ataamini kwamba viungo ni kitu ambacho Wamarekani hawakijui. Mji wa Cincinnati, ulio kusini-magharibi mwa jimbo la Ohio kwenye ukingo wa mto wenye jina hilohilo, unatosha kumtoa katika dhana hiyo kwa mlo mmoja. Chakula ambacho mji huo unajivunia kuliko vyote ni mchuzi wa nyama ya ng'ombe ya kusaga uliotiwa mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, ambao humiminwa juu ya tambi na kufunikwa kwa rundo la jibini. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini ni miongoni mwa vyakula bora vya bei nafuu katika nchi ile, na kwa sababu hukumu nyingi zinazotolewa juu yake na Wamarekani wa majimbo mengine hazikitendei haki.

Wanaokidharau hukipima kwa chili ya Texas, ambayo ni mapande ya nyama yaliyopikwa kwa pilipili nyekundu kavu hadi mchuzi ukawa mzito na mkali, bila tambi na, kwa washika desturi, bila hata punje ya maharagwe. Kwa kipimo hicho chili ya Cincinnati lazima ishindwe, kwa kuwa haikutoka Texas na haikukusudiwa kuwasha. Asili yake ni Balkani. Mwaka 1922 ndugu wawili, Tom na John Kiradjieff, wahamiaji wa Kimasedonia waliotoka eneo ambalo leo liko kaskazini mwa Ugiriki, walifungua mkahawa mdogo katika barabara ya Vine, pembeni mwa jumba la maonyesho lililoitwa Empress, nao wakaupa mkahawa wao jina hilo. Waliuza soseji ndani ya mkate, na juu ya soseji wakaweka mchuzi wa nyama wa kwao, wa jamii ile ambayo hadi leo familia za Kigiriki huitia mdalasini na kuimimina juu ya makaroni. Kisha wakaumimina juu ya tambi. Mwanzoni tambi na mchuzi vilichanganywa kabla ya kufika mezani. Wateja ndio walioomba vipangwe kwa tabaka, na jibini ikafuata baadaye.

Kutoka mkahawa huo mmoja mji mzima ulijifunza. Nicholas Lambrinides, Mgiriki aliyetoka Kastoria, alikuwa mpishi wa Empress kabla ya kufungua Skyline pamoja na wanawe mwaka 1949, katika kitongoji cha Price Hill kilicho juu ya kilima, mahali ambapo majengo marefu ya katikati ya mji yalionekana vizuri, na mandhari hayo ndiyo yaliyoupa mkahawa jina. Mwaka 1965 ndugu wanne wa familia ya Daoud, kutoka Jordan, walianzisha Gold Star baada ya kununua mkahawa wa hambaga na kugundua kwamba chili ilikuwa ikiuzwa kuliko hambaga zenyewe. Leo eneo la Cincinnati lina mikahawa ya chili zaidi ya 200, mingine ikiwa matawi ya kampuni hizi na mingine ikiwa ya familia moja moja. Habari hizi za uhamiaji nazitaja kwa sababu ndizo zinazoeleza ladha: huu ni mchuzi wa watu wa bahari ya Mediterania waliojikuta katika mji wa viwanda wa Kimarekani, wakaurekebisha kwa kile kilichopatikana sokoni na kwa kile wateja wao walichokiomba.

Sasa nije kwenye ladha yenyewe. Sahani ikiwekwa mezani, kinachotangulia ni harufu, na kwa aliyelelewa katika nyumba inayopika pilau harufu hiyo haihitaji maelezo: mdalasini kwanza, karafuu nyuma yake, kisha bizari nyembamba ambayo Zanzibar huitwa uzile. Juu ya hivyo mapishi mengi huongeza tunda kavu la mti wa pimento kutoka Jamaika, ambalo lina harufu ya karafuu na kungumanga kwa pamoja, na siki kidogo inayokata utamu wa viungo hivyo. Pilipili imo, lakini kwa kiasi cha kutia joto tu. Baadhi ya wapishi wa nyumbani huweka pia kipande cha chokoleti chungu isiyo na sukari, ambacho huongeza weusi na uchungu wa mbali bila kujitambulisha. Mikahawa mikubwa huficha mapishi yake kwa uangalifu mkubwa, na mimi sioni haja ya kuyapekua, kwa kuwa ulimi wa mtu wa pwani unaweza kuvihesabu viungo vikuu peke yake.

Jambo linalowashangaza wageni kuliko viungo ni namna nyama ilivyo. Haikaangwi kwanza, wala haiunganishwi na vitunguu kwenye mafuta ya moto kama tunavyofanya sisi. Nyama mbichi ya kusaga hutiwa katika maji baridi, ikavurugwa kwa mkono au kwa mwiko hadi ikasambaratika kabisa, kisha ikachemshwa polepole kwa saa kadhaa pamoja na vitunguu, vitunguu saumu, nyanya na viungo. Matokeo yake ni chembechembe laini sana zinazoelea katika mchuzi mwepesi, na si mabonge ya nyama. Mara ya kwanza mtu anaweza kuona kwamba mchuzi umekuwa maji kupita kiasi. Lakini wepesi huo una kazi yake: mchuzi hupenya kati ya tambi hadi chini ya sahani, kila uzi wa tambi ukapakwa viungo, na chembe za nyama zikanasa pale zinapohitajika. Mchuzi mzito ungekaa juu kama kifuniko na kuacha tambi nyeupe chini. Usiku, chili iliyopikwa huwekwa mahali pa baridi ili mafuta yagande juu na kuondolewa, na asubuhi yake viungo vimeshakaa ndani ya nyama. Hii ndiyo sababu chili nzuri ya Cincinnati haiachi utando wa mafuta mdomoni hata baada ya sahani nzima.

Wasomaji walioishi Nairobi, Mombasa au popote penye jumuiya ya Wasomali watakuwa wamekumbuka hapa tambi za Kisomali na mchuzi wake wa nyama ya kusaga uliotiwa mchanganyiko wa viungo uitwao hawaash. Undugu huo ni wa kweli kwa ladha ingawa historia zake ni tofauti kabisa, maana tambi za Wasomali zilikuja na Waitaliano ilhali hizi za Cincinnati zilikuja na Wamasedonia na Wagiriki. Mji wa Columbus, ulio katika jimbo hilohilo la Ohio, una mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na anayesafiri kati ya miji hiyo miwili anaweza kula zote mbili siku moja na kuzilinganisha mwenyewe. Kwa maoni yangu mchuzi wa Kisomali una kina zaidi cha vitunguu na nyanya, kwa kuwa hukaangwa. Wa Cincinnati una harufu safi zaidi ya mdalasini.

Namna ya kuagiza ina utaratibu wake, na mgeni akiujua mapema atahudumiwa kwa urahisi. Chili huagizwa kwa hesabu ya tabaka. Ukisema "three-way" utapata tambi, chili na jibini ya cheddar iliyoparwa nyembamba kama nyuzi. Ukisema "four-way" utachagua kuongezewa vitunguu vibichi vilivyokatwakatwa au maharagwe mekundu, na "five-way" ina vyote viwili. Vinaletwa katika sahani ya umbo la yai, na pembeni huwekwa bakuli la biskuti ndogo ndogo za chumvi ambazo wenyeji huzila kwa pilipili ya chupa wakati wakisubiri, au huzivunja juu ya sahani. Anayetaka chili yenye mchuzi mchache huomba iwe kavu, na anayetaka mchuzi mwingi huomba iwe ya majimaji. Wahudumu hawashangai ombi lolote kati ya hayo. Mimi napendekeza ya tabaka nne yenye vitunguu. Vitunguu vibichi huleta ukali na mlio wa kutafuna ambao mlo huu, ulio laini kila upande, unauhitaji sana. Maharagwe hushibisha, lakini huongeza ulaini juu ya ulaini.

Kuna pia desturi ya kula ambayo nashauri iheshimiwe, kwa sababu ina maana. Tambi hizi hazizungushwi kwenye uma kwa namna ya Kiitaliano. Unashika uma, unakata kwa ubavu wake kuanzia ukingoni, kutoka juu ya jibini hadi chini kabisa, na unachota kipande chenye tabaka zote. Anayezungusha au kuchanganya huharibu mpangilio: jibini hushikana na kuwa donge, na mchuzi hukimbilia chini. Anayekata hupata kila mara jibini iliyoanza kuyeyuka, nyama, na tambi iliyolowa viungo, kwa uwiano uleule tangu tonge la kwanza hadi la mwisho.

Katika mikahawa niliyoionja, ninayoipa nafasi ya kwanza ni Camp Washington Chili, iliyo katika kitongoji cha Camp Washington, upande wa magharibi wa barabara kuu ya 75. Ilianzishwa mwaka 1940, na mwaka 2000 taasisi ya James Beard iliitunuku tuzo yake ya migahawa asilia ya Marekani, heshima ambayo hupewa mikahawa ya kienyeji iliyodumu na kupendwa na watu wa mahali pake. Chili yake ni nzito kidogo kuliko ya kampuni kubwa, nyama inahisika zaidi chini ya meno, na mdalasini umezuiwa ili bizari nyembamba na pilipili zisikike. Kwa mtu anayeogopa kwamba nyama yenye mdalasini itakuwa tamu kama kitindamlo, hapa ndipo pa kuanzia. Mkahawa wenyewe ni wa watu wa kila aina: mafundi waliotoka zamu, wazee wanaosoma gazeti, familia zenye watoto, wote wakihudumiwa kwa kasi ileile.

Skyline ni jambo jingine, nami sikubaliani na wanaoipuuza kwa kuwa ni kampuni yenye matawi mengi. Mchuzi wake ni mwepesi zaidi, laini zaidi, na wenye mdalasini na karafuu zinazosikika waziwazi. Hii ndiyo ladha ambayo wenyeji wengi waliozaliwa baada ya miaka ya 1950 huifikiria wakitaja chili. Kinachonivutia humo ni meza ya mvuke iliyo wazi mbele ya wateja, ambapo unamwona mpangaji akichota tambi, akimimina chili kwa mwiko mmoja na kuirundika jibini kwa mkono, na sahani ikakufikia kabla hujamaliza kukunja koti lako. Gold Star huegemea upande wa pilipili zaidi na utamu kidogo, na wapo wakazi wanaobishana kwa dhati kuhusu ipi kati ya hizo mbili ni bora kama watu wanavyobishana kuhusu timu za mpira. Mimi naichagua Skyline kwa tambi, na kwa soseji sina upendeleo.

Price Hill Chili, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1962, ni mahali pazuri kwa anayetaka kukaa muda mrefu, kwa kuwa ni mkahawa kamili wenye vyakula vingine vingi na umekuwa baraza la mazungumzo la upande wa magharibi wa mji. Anayevuka daraja kuingia Newport, katika jimbo la Kentucky, atakutana na Dixie Chili, iliyoanza mwaka 1929 na ambayo kwa hiyo ni miongoni mwa wakongwe kabisa. Hapo unaweza kuomba sahani yako iongezewe vitunguu saumu vilivyokatwakatwa, nami nasema bila kusita kwamba nyongeza hiyo inafaa: vitunguu saumu vibichi huamsha viungo vilivyolala ndani ya mchuzi.

Soseji nazo zinastahili neno. Huitwa "coney", na ndizo zilizotangulia tambi katika historia ya chakula hiki: mkate mdogo laini uliopashwa kwa mvuke, soseji fupi nyembamba, haradali, chili, vitunguu na jibini. Ni ndogo, na mtu mzima huagiza mbili au tatu. Chakula cha jina hilo kipo pia Detroit, ambako wahamiaji wa Kigiriki walifungua vibanda vyao mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kule soseji ni ndefu, mchuzi una pilipili zaidi, na jibini si sharti. Katika coney ya Cincinnati haradali ndiyo inayonishawishi, kwa sababu ukali wake wa siki unafanya kazi ambayo katika sahani ya tambi hufanywa na vitunguu peke yake.

Yapo mapungufu, na sitaki msomaji asafiri bila kuyajua. La kwanza ni jibini. Kiasi kinachowekwa ni kikubwa mno. Rundo hilo linapendeza machoni, lakini katika mikahawa mingine linaletwa likiwa la baridi kutoka kwenye friji, na mahali pamoja ambapo sitapataja niliikuta chili imepoa kabisa chini yake kabla sijafika katikati ya sahani. Dawa yake ni kuomba jibini nusu, ombi ambalo hukubaliwa bila shida. La pili ni tambi, ambazo huchemshwa hadi zikawa laini sana. Najua kwamba ulaini huo ni wa makusudi, kwa sababu tambi ngumu isingekatika kwa ubavu wa uma, lakini anayependa tambi zenye nguvu ya kutafunwa ataona upungufu, na hakuna ombi litakalomsaidia. La tatu ni kwamba mboga hazipo. Saladi inauzwa, na katika mikahawa ya Kigiriki saladi hiyo ni nzuri, basi iagize.

Kwa Waislamu jambo la halali linahitaji uangalifu. Nyama ya chili yenyewe kwa desturi ni ya ng'ombe, lakini hilo peke yake haliifanyi kuwa halali, kwa kuwa namna ya kuchinja ni suala jingine. Aidha, soseji za coney katika mikahawa mingi zina nyama ya nguruwe. Cincinnati ulikuwa mji mkuu wa biashara ya nguruwe nchini Marekani katika karne ya 19, na athari ya biashara hiyo bado imo jikoni mwao, hasa katika kifungua kinywa kiitwacho goetta, ambacho ni nyama ya nguruwe, mara nyingi pamoja na ya ng'ombe, iliyopikwa na shayiri ya aina ya oats iliyokatwakatwa na kukaangwa vipande. Anayeshika sharti hilo na aulize kabla ya kukaa. Asiyekula nyama ana nafasi yake Skyline, ambako huuzwa maharagwe meusi na wali uliotiwa viungo badala ya chili. Ni mlo wa heshima, ingawa harufu ile ya mdalasini ndani ya nyama haimo.

Huduma, kwa ujumla, ni ya haraka na ya upole. Wahudumu wengi wamefanya kazi hiyo kwa miaka, wanawajua wateja wao, na wakimtambua mgeni humweleza hatua kwa hatua bila kumdharau. Ukiketi na kuhudumiwa mezani, bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 inatarajiwa, kama ilivyo desturi ya nchi nzima, kwa kuwa mshahara wa mhudumu huitegemea. Bei ni ya mlo wa haraka wa kawaida, na sahani ya ukubwa wa kati inamtosha mtu mwenye njaa ya kweli. Ile kubwa waachie wawili.

Kwa wasomaji walio mbali na Ohio, Skyline na Gold Star huuza chili yao katika makopo, na ya Skyline hupatikana pia ikiwa imegandishwa. Kati ya aina hizo mbili za kuhifadhi, iliyogandishwa ni bora kwa mbali, maana ya kopo hupoteza harufu ya karafuu na kubaki na chumvi zaidi ya inavyopaswa. Lakini anayeishi karibu na bucha la halali na aliye na kabati la viungo la kawaida la nyumba ya Kiswahili hana sababu ya kununua mojawapo. Kilo moja ya nyama iliyosagwa mara mbili, maji baridi lita moja, vitunguu maji viwili, nyanya ya kopo, siki vijiko viwili, mdalasini na bizari nyembamba kwa ukarimu, karafuu kwa tahadhari, na pilipili kidogo: chemsha kwa moto mdogo kwa saa tatu bila kifuniko, iache ilale usiku kucha ndani ya friji, ondoa mafuta yaliyoganda asubuhi, kisha uipashe. Karafuu zilizosagwa zisizidi nusu kijiko cha chai, kwa sababu mchuzi huu hauna wali wa kuzinyonya, na zikizidi mdomo utakufa ganzi kabla ya tambi kuisha.